Kichwa cha Kauri, Ngozi ya Plastiki

Taa nyekundu ikianza kupepesa kwenye kisanduku cha intaneti, iwe Kiembeni, Mishomoroni au Bakarani, fikira za wengi hukimbilia baharini. Si bure. Februari 2012 meli ilitia nanga pasipotakiwa nje ya bandari ya Mombasa ikaukata waya wa baharini wa TEAMS. Mapema 2024 nyaya kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu, kisha Mei mwaka huohuo EASSy na Seacom zikakatika upande wa kusini, mtandao ukalegea Afrika Mashariki nzima. Lakini hitilafu ya baharini haichagui nyumba. Ukiona wewe umezimika na jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye kampuni ileile, anatazama mpira bila wasiwasi, tatizo haliko baharini. Liko mlingotini, au dirishani ulipopitishiwa waya, au kwenye kile kichwa cha kijani kilichochomekwa nyuma ya kisanduku.

Nataka kuzungumzia vitu viwili ambavyo sifa za faiba huviruka: plastiki iliyouvika uzi wa kioo, na kauri iliyoushika ncha. Hivi ndivyo vinavyoamua kama nuru iliyosafiri maelfu ya kilomita itafika sebuleni ikiwa na nguvu. Na ukivifuatilia hadi vilikotoka, vinakuonyesha mahali hasa ambapo pwani yetu inapoteza thamani ya kilicho chake.

Kioo chenyewe kimeshasifiwa, na kwa haki. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakifanya kazi katika maabara za Standard Telecommunication kule Harlow, Uingereza, walionyesha kwa hesabu kwamba kioo kikisafishwa mpaka kipoteze chini ya desibeli 20 kwa kilomita, nuru itaweza kubeba mawasiliano. Kioo bora cha wakati ule kilipoteza kiasi cha desibeli 1,000. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning walifika 17. Leo uzi wa kawaida hupoteza karibu 0.2. Kao alipewa Nobeli ya Fizikia mwaka 2009, mwaka uleule ambao TEAMS na Seacom zilitia nanga Mombasa na kututoa kwenye mtandao wa setilaiti uliokuwa ghali na wa kusuasua.

Ila kioo kitupu kisingefika kwetu Kisauni. Kisingetoka hata nje ya kiwanda.

Uzi unapovutwa kutoka tanuruni una unene wa maikromita 125, yaani thumuni ya milimita. Ukiwa mpya, haujaguswa na chochote, una nguvu kushinda waya wa chuma wa unene huohuo. Ukiguswa mara moja tu, kwa kidole au kwa chembe ya vumbi, nguvu hiyo inaporomoka. Sababu yake ilielezwa na mhandisi Mwingereza Alan Arnold Griffith mwaka 1921: kioo hakivunjiki kwa sababu ni dhaifu, kinavunjika kwa sababu usoni mwake mna mikwaruzo midogo isiyoonekana, na kila ukikivuta, nguvu zote hukusanyika kwenye ncha ya mkwaruzo. Pwani tuna adui wa ziada, nao ni unyevu. Maji yakiingia kwenye ufa wa kioo kilichovutwa hukata vifungo vya silika polepole, ufa ukaendelea kutambaa hata kama hakuna aliyeugusa waya. Ndiyo maana uzi uliopindwa vibaya ukutani unaweza kufanya kazi mwezi wa kwanza na wa pili, ukakatika wa tatu, wakati mwenye nyumba anaapa hakuna aliyeusogelea.

Tiba iliyovumbuliwa ni kuuvika uzi plastiki kabla haujagusa kitu. Kwenye mnara wa kiwanda, uzi unateremka kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde na kupita ndani ya akrilati ya majimaji, kisha taa za mionzi ya urujuanimno huikausha kwa sekunde isiyotimia. Matabaka ni mawili. La ndani ni laini, linanyonya mikandamizo midogo ambayo ingeipinda nuru na kuimwaga nje. La nje ni gumu, linabeba mikwaruzo ya kuvutwa na kushikwa. Uzi ukitoka hapo una unene wa maikromita 250. Fanya hesabu ya ujazo na utaona jambo ambalo hata baadhi yetu tulio kazini hatujawahi kulifikiria: robo tatu ya kile tunachokiita uzi wa kioo ni plastiki.

Na plastiki hiyo inafanya kazi ya macho pia. Imechanganywa makusudi ili ipinde nuru zaidi kidogo kuliko kioo kilicho chini yake. Nuru iliyopotea njia na kuingia kwenye ganda la kioo, badala ya kutangatanga humo na kuchafua ishara, huvutwa nje na kufia kwenye plastiki. Mwenye kubuni tabaka lile alilazimika kupima mambo yote kwa pamoja: ulaini, ugumu, kasi ya kukauka, upindaji wa nuru, na uwezo wa kukwanguliwa kwa koleo bila kuacha mabaki.

Baada ya ngozi hiyo huja koti la nje, na hapa ndipo ninapokasirika kila nikipita chini ya milingoti ya umeme kati ya Mtopanga na Kadzandani. Koti jeusi la waya wa nje lina weusi wake kwa sababu: ndani ya polithini kumetiwa masizi safi ya kaboni, kiasi cha asilimia 2 hadi 3 ya uzito, yanayomeza mionzi ya jua kabla haijakata minyororo ya plastiki. Koti jeupe limetengenezwa kwa matumizi ya ndani. Faida yake ni kwamba likiungua halitoi moshi mzito wala gesi kali, jambo jema sana chumbani, lakini halikuundwa kukabili jua la Mombasa. Hata hivyo utaona waya mweupe umenyooshwa kutoka mlingotini, ukapita juu ya mabati, ukaingia dirishani, eti kwa kuwa unapendeza ukutani au ndio uliobaki kwenye gari. Baada ya misimu michache ya kaskazi na kusi koti linapauka, linapasuka, maji yanaingia, na tunarudi kwa Griffith.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi tusitumie plastiki mwanzo hadi mwisho. Swali la haki, na jibu lake limeegeshwa mitaani. Mercedes, BMW na Audi nyingi za mtumba zinazoteremshwa Kilindini zina nyuzi za plastiki inayobeba nuru, kwa ajili ya redio, vikuza sauti na simu. Mfumo mmojawapo, MOST, ulianza kwenye BMW ya familia ya 7 mwaka 2001. Uzi wake ni wa akriliki, jamii ileile ya Perspex ya mabango, una unene wa milimita moja, na nuru yake ni nyekundu, inaonekana kwa macho. Vifaa vimefungwa kwa mduara, hivyo kimoja kikifa, redio nzima inanyamaza. Fundi mjuzi huchomeka kipete kidogo cha kuziba pengo, akakiruka kifaa kimoja baada ya kingine mpaka ampate mkosaji.

Uzi ule ni msamehevu. Unakatwa kwa wembe, unastahimili mtetemo wa barabara, unaungwa bila hadubini. Lakini akriliki ina vifungo vya kaboni na hidrojeni vinavyotetemeka na kumeza nuru, kiasi kwamba mita 100 zake hupoteza desibeli 15 au zaidi. Kwa kioo kizuri, hasara hiyo ungeipata baada ya kilomita 75. Wajapani, Profesa Yasuhiro Koike wa Chuo Kikuu cha Keio akiwa mbele, walikabili tatizo hilo kwa njia mbili: kuupanga upindaji wa nuru upungue taratibu kutoka katikati ya uzi kwenda pembeni, na kutumia polima ambayo hidrojeni yake imeondolewa na florini kuwekwa mahali pake, kama CYTOP ya Asahi Glass. Nyuzi hizo ni bora mara nyingi kuliko akriliki. Kwa kuunganisha mitambo ndani ya jengo zinafaa. Kwa kutoka kituo cha Nyali hadi Utange, kioo bado hakina mpinzani.

Kwa hiyo tumebaki na kioo, na kioo kinatudai usahihi. Njia ya nuru katikati ya uzi ina upana wa kama maikromita 9. Ukitaka kuunganisha nyuzi mbili kwa kuchomeka na kuchomoa, lazima njia hizo mbili zitazamane sawasawa. Kukosea kwa maikromita mbili pekee kunapoteza zaidi ya nusu desibeli. Ni nani atashika vitu viwili kwa usahihi huo, kwenye kifaa cha plastiki kinachouzwa kwa bei ndogo, kitakachofunguliwa na kufungwa na mtu aliyesimama juu ya ngazi?

Jibu ni bomba dogo jeupe ambalo wengi huliona na kudhani ni plastiki pia. Chomoa kichwa cha kijani, utaliona limechomoza mbele, lina kipenyo cha milimita 2.5. Ni kauri ya zirkonia. Katikati yake limetobolewa tundu la maikromita 125 na ushei, na tundu hilo halitakiwi kukengeuka kutoka katikati hata kwa maikromita moja.

Jinsi linavyotengenezwa ni moja ya kazi nzuri kabisa za ufinyanzi ambazo binadamu amewahi kuzifanya. Unga wa zirkonia, chembe zake ndogo mno, huchanganywa na plastiki ili upate kutiririka, ukasukumwa ndani ya kalibu yenye sindano nyembamba ya kuacha tundu. Kisha plastiki huchomwa yote ikatoweka. Kazi yake ilikuwa kubeba unga tu. Kilichobaki, ambacho ni laini kama chaki, huingizwa tanuruni kwenye joto la kama nyuzi 1,400. Kauri hukaza na kusinyaa takriban sehemu moja ya tano kila upande. Aliyechonga kalibu lazima awe ameshaujua msinyao huo kabla, la sivyo tundu halitakuwa tundu. Mwisho huja kazi ya kusugua: ndani kwa waya mwembamba uliopakwa unga wa almasi, nje kwa jiwe la kunolea, mpaka kipimo kikubali.

Kwa nini zirkonia na si kauri ya kikombe cha chai? Kauri ya kawaida ikipata ufa imekwisha. Mwaka 1975 Ronald Garvie na wenzake wawili wa CSIRO, Australia, waliandika katika jarida la Nature kuhusu zirkonia yenye tabia ya ajabu. Chembe zake hushikiliwa katika umbo ambalo zisingelichagua zenyewe. Ufa unapozikaribia, mkazo wa ufa huzifungua, zikageuka umbo na kuvimba kwa asilimia chache, na uvimbe huo ukaubana ufa usiendelee. Kauri inajizibia yenyewe. Kauri ya alumina ilitumika mwanzoni kwenye vichwa vya faiba, lakini ni ngumu kupita kiasi ikilinganishwa na kioo, na kuzisugua ncha mbili zikatoka laini pamoja kulikuwa taabu. Zirkonia ilikubali kusuguliwa bega kwa bega na kioo, ikabaki.

Ncha hiyo husuguliwa ikawa na mbinuko kidogo, ili kioo kiguse kioo bila hewa kati yao. Kwenye vichwa vya kijani husuguliwa pia kwa mshazari wa nyuzi 8, ili nuru kidogo inayorudi nyuma isirudi kwenye njia ileile ikamsumbua aliyeituma. Kichwa cha aina nyingine, cha buluu, hakina mshazari. Ukichomeka cha kijani kwenye cha buluu vinaingia vizuri kabisa, vinalia tik, na ndani kumebaki pengo la hewa. Nimeliona kosa hili mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Sasa hesabu ya nyumbani. Mfumo unaotumika sana kufikisha faiba majumbani unaruhusu hasara ya jumla ya desibeli 28. Kigawanyishi kinachogawia nyumba 32 nuru ya uzi mmoja hula kama 17. Zimebaki 11 za kugharimia kilomita zote, maungio yote, mapindo yote na vichwa vyote. Kichwa safi hula robo au theluthi ya desibeli. Kichwa kichafu kinaweza kula moja, mbili, au kuzima kabisa. Desibeli moja ni sawa na kilomita nne au tano za kioo kizuri. Kwa hiyo jasho la kidole likibaki kwenye ncha ile, ni kama umeihamisha nyumba ya mteja mbali na Kisauni bila yeye kujua.

Njia ya nuru ni nyembamba kuliko unywele mara kadhaa, na vumbi letu la matumbawe halina huruma, achilia mbali chumvi ya hewani. Mdharau mwiba, walisema wazee, mguu huota tende. Fundi akipuliza ncha kwa mdomo ameongeza mate. Akiifuta kwa shati ameongeza nyuzi za pamba na mafuta ya mwili. Akichomeka hivyo, uchafu unakandamizwa kati ya kauri mbili na kuchimba kioo, na hapo kusafisha hakutasaidia tena, lazima kichwa kikatwe. Vifaa vinavyotakiwa si vya miujiza: hadubini ndogo ya mkononi, kalamu ya kusafishia yenye utepe, spiriti safi ya isopropili na karatasi isiyoacha manyoya. Mara nyingi mazungumzo ya mlangoni huwa mafupi:

"Mama, sibadilishi kitu. Nasafisha tu, kisha tutazame."

"Kusafisha tu, mwanangu? Na juzi mwenzio alinambia ninunue kisanduku kipya."

Kijana mwenye hadubini mfukoni humwokolea mama huyo pesa za kisanduku. Asiyekuwa nayo hubahatisha, na gharama ya kubahatisha hulipwa na mteja. Siwalaumu vijana. Wengi hulipwa kwa idadi ya nyumba walizounganisha, na hakuna anayewauliza ncha ilikuwa na sura gani walipoichomeka. Kampuni zingeweza kubadilisha hilo kesho kwa kudai picha ya hadubini katika kila fomu ya kazi, kama wanavyodai picha ya kisanduku kilichotundikwa ukutani.

Lakini kuna safari nyingine ya kauri hii, na ndiyo inayoniuma zaidi. Zirkonia hutengenezwa kutokana na mchanga wa zirkoni. Mchanga huo tulikuwa nao. Mgodi wa Base Titanium kule Kwale, uliochimba kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi Desemba 2024, ulitoa ilmenite, rutile na zirkoni. Zirkoni ilikuwa fungu dogo kuliko ilmenite, lakini ilitoka mwaka baada ya mwaka. Madini yalisafirishwa nje kupitia Mombasa, ambapo kampuni ilikuwa na gati lake pale Likoni, ng'ambo ya pili ya kisiwa kutoka hapa Kisauni. Yaliondoka yakiwa mchanga, yanauzwa kwa tani. Zirkonia iliyosafishwa, ikafinyangwa na kutobolewa, inarudi nchini ikihesabiwa kimoja kimoja, ndani ya vichwa vya kijani. Siwezi kudai kwamba punje ya Kwale imo ndani ya kichwa cha nyumba fulani ya Mlaleo. Ninachosema ni kwamba mali ghafi ile ilipita mbele yetu kwa miaka zaidi ya kumi, na sijasikia nafasi hata moja ya masomo ya kauri sahihi ikidaiwa badala yake. Tulijadili fidia ya mashamba, mrabaha na barabara, na tulikuwa na haki. Ujuzi wa kilichomo mchangani haukuwa mezani.

Suala hili halijafungwa na mgodi. Uchunguzi wa miaka ya 1990 ulionyesha mchanga wa namna hiyo pia Mambrui, Vipingo na Kilifi. Siku leseni nyingine itakapojadiliwa, kaunti za pwani zingefaa kuingia chumbani na mtu anayejua tofauti ya bei kati ya zirkoni na zirkonia.

Kuna watakaosema usahihi wa maikromita ni mambo ya Japani na Ujerumani. Jibu langu ni Asmara. Mwaka 1949 daktari Harold Ridley, katika hospitali ya St Thomas kule London, alimpandikizia mgonjwa wa mtoto wa jicho lenzi ya akriliki. Alikuwa ametambua kwamba vipande vya Perspex vilivyowaingia marubani machoni wakati wa vita havikuleta uvimbe. Kwa miongo kadhaa lenzi hizo zilibaki ghali, zaidi ya dola 100 moja, na maskini wa Afrika na Asia walifanyiwa upasuaji wa kutoa lenzi bila kuwekewa nyingine, wakaachiwa miwani mizito. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab kilianza kuzitengeneza Madurai, India. Mwaka 1994 kiwanda kingine kikafunguliwa Asmara kwa juhudi za taasisi iliyoachwa na daktari Fred Hollows wa Australia, aliyefariki mwaka mmoja kabla. Eritrea ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani. Waeritrea waliingia chumba kisicho na vumbi, wakakata na kung'arisha akriliki kwa kiwango cha kuwekwa ndani ya jicho la mtu. Bei ya lenzi kutoka viwanda kama hivyo ikashuka chini ya dola 10. Plastiki ilikuwa ileile iliyokuwapo miaka yote, na waliokuwa wageni kwenye kazi hiyo waliimudu.

Sipendekezi kiwanda cha kauri Kisauni mwakani. Vichwa vya zirkonia hutengenezwa Asia kwa mamilioni, na kushindana nao kwa bei ni kujiumiza. Ila kuna hatua ya katikati ambayo duniani kote hufanywa na karakana ndogo: kununua kauri tupu, kupitisha uzi, kuugandisha kwa gundi ya epoksi ndani ya joko, kusugua ncha kwa karatasi za almasi za chembe zinazopungua hadi maikromita moja, kisha kupima mbinuko. Nyaya fupi za kuunganishia ambazo kampuni zetu huagiza kwa makasha hutengenezwa hivyo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, mwendo mfupi kuvuka Daraja la Nyali, na vijana wanaopanda milingoti Kisauni tayari wameshazoea kukata kioo kwa pembe iliyonyooka.

Darasa la kwanza ningelianza bila mashine ya kusugulia. Ningekusanya vichwa vilivyotupwa na mafundi kwa muda wa msimu mmoja wa kusi, kutoka Shanzu hadi Mjambere, kila kimoja na karatasi yake ya mahali kilipotolewa, na kuwataka wanafunzi wavitazame ncha kwa hadubini na kuandika walichokiona: chumvi, mafuta, mkwaruzo, kioo kilichochimbika, au kichwa kisicho na kosa lolote kilichotupwa bure. Daftari hilo lingekuwa la kwanza kutuambia, kwa ushahidi, faiba ya upande huu inakufa kwa nini, na lingeonyesha pa kuanzia kununua mashine.